Gari linasumbua Dar: anza na dalili kabla hujakwenda kununua spea

Magari mengi ya Dar es Salaam ni mtumba kutoka Japani. Yameshatembea sana kabla ya kushuka bandarini, na yakifika hapa yanakutana na joto la mwaka mzima, hewa ya chumvi na foleni. Ndiyo maana matatizo yanajirudia. Ukikaa kwenye gereji ya Tabata au Mbagala utasikia yaleyale kila siku: haliwaki asubuhi, linachemsha, linamisi (injini inakosa mapigo), breki zinalia, chini kunagonga.

Hela nyingi hazipotelei kwenye ufundi. Zinapotelea kwenye spea iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Mtu anaambiwa altaneta, yaani kifaa kinachochaji betri, imekufa, anakwenda Gerezani, Kariakoo, ananunua used, inafungwa, tatizo liko palepale. Spea ya umeme ikishafungwa, maduka mengi hayairudishi. Kumbe ilikuwa kutu kwenye waya wa betri. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi na mara nyingi ndiyo ya bei ndogo. Fuata mpangilio, usiruke.

Vifaa vya kuanzia si vingi: mita ya umeme ya kidijitali, geji ya upepo, tochi, soketi na spana (namba 10, 12 na 14 zitafanya kazi kubwa kwenye Toyota), jeki, na stendi mbili. Viwanja vyetu vingi ni mchanga, na jeki huzama kwenye mchanga, basi iwekee ubao mnene chini yake. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tofali si stendi, kwa sababu hupasuka bila kutoa ishara.

Gari haliwaki asubuhi

Washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukiziangalia. Kipimo hiki ni cha bure na kinakuonyesha uelekee wapi.

*Taa zinafifia, stata inazunguka kwa uchovu au inatoa tak-tak-tak ya haraka.* Umeme hautoshi au haufiki.

1. Vichwa vya betri vimelegea au vimeota unga mweupe na wa kijani. Shika kila kichwa ukizungushe kwa mkono. Kikicheza, umepata jibu. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya. Safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza, pakaa grisi kidogo juu. Fuata na waya hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini, maana kutu ya pwani hupenda kujificha hapo.

2. Betri imechoka. Ipime asubuhi kabla ya kugusa chochote. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.0 ni kama imekwisha. Ikionyesha 12.5 halafu ikaanguka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, haina nguvu tena hata ukiichaji. Joto ndilo linaloua betri zaidi, na Dar joto halipumziki, kwa hiyo usishangae kama yako haikufikisha umri ulioahidiwa dukani.

3. Altaneta haichaji. Injini ikiwa inawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, angalia mkanda kwanza kama umelegea au umepasuka, kisha plagi ya nyaya nyuma ya altaneta. Baada ya hapo ndipo uizungumzie altaneta yenyewe. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imeharibika na itaichemsha betri.

4. Kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Wanaoongoza ni vitu vilivyofungwa hapa nchini: redio kubwa, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Chomoa fyuzi ya kitu unachokishuku ulale, upime tena asubuhi.

*Taa zinabaki kali, unasikia "tak" moja tu.* Waya wa stata umelegea, au stata yenyewe brashi zimekwisha. Brashi za stata hubadilishwa na fundi umeme kwa gharama ndogo, kwa hiyo usikimbilie stata nzima.

*Kimya kabisa, lakini taa zinawaka.* Kama ni oto, peleka gia N ujaribu tena. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo mbovu. Kama ni la kubonyeza kitufe, muombe mtu aangalie kama taa za breki zinawaka ukikanyaga, maana bila swichi ya breki gari halitawaka.

*Stata inazunguka vizuri, injini haidaki.* Mafuta hayafiki au moto haupo. Angalia fyuzi ya pampu ya mafuta, na usiuamini sana mshale wa tanki. Pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo kutembea kila siku na taa ya mafuta ikiwaka huichosha.

Ukibusti (kuwasha kwa umeme wa gari lingine), mpangilio ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoshika moto, na cheche ya mwisho haifai kutokea juu yake.

Simama hapa: betri iliyovimba au inayovuja isibustiwe. Na akitokea mtu anayetaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili "kupima altaneta", mkatalie bila aibu. Kipimo hicho kilifaa magari ya zamani. Kwenye gari lenye kompyuta, volti huruka ghafla na inaweza kuunguza kompyuta yenyewe, na hapo umetoka kwenye kichwa cha betri umeingia kwenye gharama nyingine kabisa. Mita inatosha.

Gari linachemsha

Hapa ndipo injini nyingi za mji huu zinapofia, na karibu zote zingeweza kuokolewa. Swali la kwanza si "maji yapo?" bali *linachemsha wapi?*

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, shuku feni. Likichemsha ukiwa na mwendo, mathalani kwenye barabara ya Bagamoyo au ukishapita Kibaha, shuku maji pungufu, rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Baadhi ya gari ndogo, kama Vitz na Passo, hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari tu. Ukiona nyekundu, huna muda wa kufika nyumbani.

Injini ikiwa imepoa kabisa, pima hivi:

1. Kiasi cha maji. Fungua kofia ya rejeta, usiishie kwenye tanki la akiba. Tanki linaweza kuwa na maji na rejeta ikawa tupu.

2. Kofia yenyewe. Kazi yake si kufunika tu. Inashikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Yakiwa chini ya kofia nzima yanahimili mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, gari linachemsha ilhali kila kitu kingine ni kizima. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu. Nunua yenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake.

3. Feni. Washa injini na AC. Kwenye gari nyingi feni inatakiwa izunguke hapohapo. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine ya aina ileile kwenye boksi, kisha plagi ya waya. Mota ya feni iwe ya mwisho. Mikono mbali, kwa sababu feni inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

4. Kuvuja. Tafuta alama nyeupe au za rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) kwenye mipira, viungo vya rejeta na chini ya pampu ya maji.

5. Rejeta imeziba kwa nje. Kati ya rejeta na kondensa ya AC hujaa vumbi, majani na vipande vya mifuko. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha kubwa hukunja mapezi.

6. Rejeta imeziba kwa ndani, na mara nyingi sababu ni maji yetu. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji hayo ndiyo yanayojazwa kwenye rejeta kila siku. Chumvi inaacha magamba, magamba yanaziba njia, alumini inaliwa. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari. Ukiwa njiani bila kitu, maji ya kunywa ya chupa ni bora mara nyingi kuliko ya kisima, lakini baadaye yamwage uweke kulanti.

Sasa themostati, yaani vali inayoruhusu au kuzuia maji kwenda kwenye rejeta. Kuna desturi kwenye gereji nyingi ya kuing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Naipinga kwa moyo wote. Kifaa hiki hufunguka kwenye takriban nyuzi 82 na kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lake sahihi. Ukiitoa, injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta inaongeza mafuta, oili inachafuka mapema na silinda zinalika. Kama imekwama, badilisha. Gari lililotolewa themostati halijatibiwa. Tatizo lake limefichwa, na kila mwezi unalilipia kituo cha mafuta.

Likichemsha njiani: zima AC, fungua hita mpaka mwisho hata kama utatoka jasho, tafuta pembeni, zima injini. Usifungue kofia. Maji yale yataruka usoni. Subiri angalau nusu saa, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Usimwagie injini ya moto maji baridi, kwa sababu silinda hedi inaweza kupasuka.

Simama hapa: oili imekuwa kama chai ya maziwa, ekzosi inatoa moshi mweupe usioisha, maji yanatoa mapovu kwenye rejeta, au mipira inakuwa migumu mara tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Hizo ni dalili kwamba hedi gasketi, muhuri ulio chini ya silinda hedi, imeharibika. Usiliwashe tena kwenda kwa fundi. Livutwe. Na fundi akifungua hedi, sisitiza ipimwe unyoofu kabla ya kufungwa gasketi mpya, vinginevyo utarudi.

Linatetemeka, linamisi, taa ya injini inawaka

Jiulize nini kilifanyika karibuni. Limeoshwa injini? Vibanda vya kuoshea magari hupiga presha juu ya injini, maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi za cheche, na kesho yake gari linamisi. Toa koili (vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche), kausha mashimo kwa hewa, kausha mipira ya koili, rudisha. Umejaza mafuta jana kituo usichokizoea? Weka akilini na uhifadhi risiti.

Bila matukio hayo, sababu ya kawaida ni plagi zilizokwisha, kisha koili. Koili hupimwa bila kununua chochote. Injini kama 1NZ ya Toyota IST na Raum ina koili nne, kila moja juu ya plagi yake. Injini ikiwa inatetemeka, chomoa plagi ya waya ya koili moja moja. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, ndiyo silinda iliyolala. Zima, hamishia koili ile kwenye silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, tazama plagi ya cheche, halafu nozeli (kinyunyizio cha mafuta). Angalia pia rangi ya plagi ukizitoa: kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye oili inasema oili inaingia ndani. Plagi zifunge injini ikiwa baridi, anza kwa vidole mpaka ziingie, ndipo ukaze. Uzi wa hedi ya alumini ukiharibika, umetafuta kazi kubwa.

Plagi za iridiamu bandia ni nyingi sokoni, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Bora plagi ya kawaida iliyo halisi kuliko iridiamu ya bei ya kutupa.

Baada ya hapo, filta ya hewa na kusafisha throtili (mlango wa hewa ya injini). Kifaa cha kusoma kompyuta kinasaidia, ila kisome kama shahidi, si hakimu. Msimbo wa oksijeni sensa hausemi ununue sensa. Mara nyingi unaelekeza kwenye hewa inayovuja au plagi.

Simama hapa: taa ya injini *ikipepesa*, punguza mwendo uegeshe. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuichoma kataliti (kifaa cha kusafisha moshi).

Oili inapungua, au taa nyekundu ya oili

Taa nyekundu ya oili maana yake ni presha. Zima injini hapohapo ulipo, hata kama ni katikati ya daraja la Kijazi na watu wanapiga honi. Pima kwa stiki sehemu tambarare, dakika chache baada ya kuzima. Ikiwa oili iko kwenye kiwango na taa bado inawaka, usijaribu tena. Vuta gari.

Oili ikipungua polepole, tafuta uvujaji kwenye filta, nati ya kumwagia na gasketi ya kava ya juu. Kama hakuna tone chini na ekzosi inatoa moshi wa bluu, injini inakula oili. Injini za Toyota za 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa hilo, kwa sababu ya ringi za pistoni. Njia ya kuishi nayo ni kupima kila ukijaza mafuta na kuongeza. Kubadilisha oili mara kwa mara hakutarudisha ringi.

Kumwaga oili mwenyewe ndiyo kazi inayokulipa haraka kuliko zote. 1NZ inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Kaza nati ya chini kwa kiasi, weka washa mpya, filta ikaze kwa mkono. Usihesabu kilomita tu, maana saa moja ya foleni ya Mbagala haionekani kwenye odomita ingawa injini imefanya kazi. Oili chafu ipeleke gereji, usiimwage mtaroni.

Breki

Kulia asubuhi baada ya mvua na kuacha ukishakanyaga mara kadhaa ni kutu ya usiku kwenye diski. Isikutishe.

Kulia kila unapokanyaga ni pedi zimekaribia kwisha. Zimetengenezewa kibati cha kupiga kelele makusudi. Toa tairi, tazama: chini ya milimita 3, badilisha, pande zote mbili kwa pamoja. Kusaga kwa chuma maana yake pedi zimeisha na diski inaliwa. Usukani kutetemeka unapokanyaga tu ni diski. Gari kuvuta upande mmoja, pima upepo wa matairi kwanza, kisha gusa rimu kwa tahadhari baada ya kutembea. Iliyo ya moto kuliko mwenzake ina kalipa (kifaa kinachobana pedi) iliyoganda.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu, na hapa unyevu haukosekani. Yabadilishe kila miaka miwili. Aina imeandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3. Oili ya injini au ya steringi ikiingia humo, raba zote za mfumo zitavimba.

Simama hapa: pedali laini, inayozama, au mafuta ya breki yanayopungua. Usiliendeshe hata mpaka gereji ya mtaa wa pili. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki ukiwa na mtu anayejua pembeni, usijifunzie kwenye gari litakalobeba watoto kesho.

Chini kunagonga, usukani unatetemeka

Ngo-ngo nyepesi kwenye matuta na barabara za vumbi huanzia kwenye linki za stabilaiza, kisha bushi za ami (raba za mikono inayoshika tairi), kisha shokapu. Linki mwenyewe unaziweza. Shokapu ipime kwa kukandamiza kona ya gari na kuachia. Ikiyumba zaidi ya mara moja au mbili, au ikiwa imelowa oili, imekwisha. Lakini springi yake usiifungue. Inashikiliwa kwa nguvu ya kuua mtu.

Usukani ukitetemeka kwenye 80 hadi 100 tu, ni balansi ya matairi. Boljointi (kiungio kinachoshika tairi) iliyolegea au tairodi (fimbo inayozungusha tairi) inayocheza haisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu tairi linaweza kulala ukiwa barabarani.

Linakula mafuta

Upepo kwanza. Kiwango kiko kwenye stika ya mlango wa dereva, gari ndogo nyingi zikiwa kati ya psi 30 na 35. Kisha filta ya hewa, breki inayoshika, plagi. Halafu muulize aliyekuuzia kama themostati ipo.

AC haipoozi

Ikipooza ukiwa na mwendo na kukata kwenye foleni, ni feni au kondensa chafu. Ikiwa hewa haina nguvu, toa filta iliyo nyuma ya dashibodi. Nyingi hazijawahi kuguswa tangu Japani. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa AC. Gesi haiishi kwa matumizi. Ikipungua imevuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache.

Limepita majini

Masika ya Machi hadi Mei, bonde la Msimbazi hujaa na barabara ya Jangwani inaweza kufungwa. Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, na stata inakunja konrodi (fimbo inayoshika pistoni). Chomoa hasi ya betri, lisukumwe mpaka pakavu, fungua filta ya hewa. Ikiwa kavu, pana matumaini. Ikiwa imelowa, plagi zote zitolewe na injini izungushwe bila plagi kabla ya kuwashwa, na kazi hiyo afanye fundi. Kabla ya safari ya kwanza, pima oili ya injini na ya giaboksi. Yoyote iliyogeuka maziwa imwagwe. Kwenye giaboksi ya CVT (oto inayotumia mkanda badala ya gia) irudishwe oili ya CVT yenyewe, si ATF, oili ya oto ya kawaida, hata kama muuzaji anasema ni sawasawa.